Kwa nini timu bingwa ivunjwe na uongozi wake wenyewe?

"Habari za kazi, mtaalamu. Mimi na wenzangu ni mashabiki wa Boston Celtics kwenye ligi ya mpira wa kikapu ya Marekani, NBA. Juni 2024 tulishangilia ubingwa, tukaamini tuna kikosi cha kutawala miaka mingi. Mwaka mmoja tu baadaye Jrue Holiday kapelekwa Portland, Kristaps Porziņģis kapelekwa Atlanta, halafu Al Horford na Luke Kornet wakaondoka bure. Tunaambiwa ni fedha. Lakini timu hiyo hiyo ilikuwa inauzwa kwa thamani ya zaidi ya dola bilioni 6! Mtu mwenye fedha hizo anashindwaje kulipa mishahara? Wakati huohuo Oklahoma City Thunder wana kikosi kirefu, kichanga na bora, na wakachukua ubingwa wa 2025. Rafiki yangu anadai siri yao ni kufungwa makusudi ili wapate vijana wazuri kwenye drafti. Ni kweli? Uongozi wa timu ya NBA hujenga kikosi kwa namna gani hasa? La mwisho: mdogo wangu ana miaka 18, ni mrefu na anacheza vizuri. Kuna mtu anajiita wakala, anasema ataweza kumwingiza kwenye drafti ya NBA, ila anataka alipwe kwanza. Tufanyeje?"

Ndugu msomaji, pole. Kuona kikosi kilichonyanyua kombe kikitawanywa namna hiyo kunauma, na sitakuambia usiumie. Ila nadhani hasira yako imekwenda mahali pasipo pake. Unawauliza matajiri kwa nini hawatoi fedha, wakati kilichoibana Boston hakikuwa fedha peke yake. Nitaanza hapo, nije kwa Thunder na hoja ya rafiki yako, kisha nimalizie na mdogo wako. Hilo la mdogo wako tafadhali usilisome juu juu.

Kwanza tuondoe picha ambayo wengi tumeibeba kutoka kwenye soka. Kule, klabu tajiri ikimtaka mchezaji hulipa ada ya uhamisho na mambo yamekwisha. NBA haina ada ya uhamisho. Mchezaji huingia kikosini kwa njia chache: achaguliwe kwenye drafti (zoezi la kila mwaka ambapo timu hupokezana kuchagua vijana wapya), asaini akiwa mchezaji huru baada ya mkataba wake kwisha, au mkataba wake ubadilishwe na mikataba ya wachezaji wengine, au na machaguo ya drafti za miaka ijayo. Kwa hiyo kinachohama kutoka mji mmoja kwenda mwingine ni mkataba: mshahara kiasi gani, imebaki miaka mingapi, nani mwenye hiari ya kuurefusha mwaka wa mwisho. Wewe ukimtazama Holiday unaona gadi anayewanyima usingizi washambuliaji. Meneja mkuu anamwona gadi huyohuyo, na pembeni yake anaona namba tatu za misimu mitatu.

Namba hizo zinapimwa dhidi ya kikomo cha mishahara, ambacho hutokana na mapato ya ligi nzima. Utajiri wa mwenye timu hauingii kwenye hesabu hiyo. Kwa msimu wa 2025-26 kikomo ni dola milioni 154.6 kwa kila timu, ziwe za Los Angeles au Oklahoma City. Watu wengi hudhani kikomo hicho ni ukuta, lakini tangu kilipoanza msimu wa 1984-85, kikiwa dola milioni 3.6 tu, kimekuwa na milango. Mlango mkubwa kuliko yote huitwa haki za Bird, kwa jina la Larry Bird wa hapohapo Boston. Timu inaruhusiwa kuvuka kikomo ili kumbakiza mchezaji wake yenyewe, mradi awe amefikisha misimu mitatu bila kuachwa na bila kuhama akiwa mchezaji huru. Akihama kwa kubadilishwa, haki hizo humfuata huko aendako. Ndiyo maana utaona timu inatoa mali nyingi kumchukua mchezaji aliyebakiza miezi michache kwenye mkataba. Inamchukua yeye pamoja na ruhusa ya kumlipa baadaye, ruhusa ambayo isingekuwa nayo kama ingesubiri awe huru. Kuna milango midogo pia, kama fungu la kati, la kusainia mchezaji huru, la dola milioni 14.1 kwa timu iliyovuka kikomo lakini haijapanda sana, na mikataba ya kiwango cha chini kabisa ambayo kila timu inaruhusiwa kutoa.

Juu ya kikomo kuna mistari mitatu zaidi, na huko juu ndiko Boston walikokwama. Kwa msimu wa 2025-26 mstari wa kodi ya anasa, ambayo timu hulipa kwa kila dola ya mishahara inayouvuka, uko kwenye dola milioni 187.9. Kizingiti cha kwanza kiko kwenye milioni 195.9. Kizingiti cha pili kiko kwenye milioni 207.8.

Sasa tufungue jedwali lenyewe, maana kila ofisi ya NBA inaishi na jedwali moja: majina ya wachezaji ubavuni, misimu mitano au sita juu, na katika kila kisanduku mshahara, ukiwa na alama ya kuonyesha kama umehakikishwa au kama kuna hiari ya mtu. Chukua safu ya 2025-26 ya Boston kabla hajaondoka yeyote. Jayson Tatum, dola milioni 54.1. Jaylen Brown, milioni 53.1. Holiday, 32.4. Porziņģis, 30.7. Derrick White, 28.1. Ukijumlisha unapata takriban milioni 198.4. Hao ni watu watano! Wameshapita mstari wa kodi, wamepita na kizingiti cha kwanza, na bado hujamlipa hata mchezaji mmoja wa benchi, wakati kikosi cha kawaida kina nafasi 15 za mikataba kamili. Tatum na Brown peke yao wanakula zaidi ya theluthi mbili ya kikomo. Hilo nalo lina chanzo chake. Mshahara wa juu kabisa huanzia asilimia 25 ya kikomo kwa mchezaji mchanga, asilimia 30 kwa aliyetimiza misimu saba, na asilimia 35 kwa aliyetimiza kumi, lakini mchezaji anayechaguliwa kwenye timu bora za msimu anaweza kufika 35 mapema akibaki na timu yake. Vijana wenu walicheza vizuri mno, bei ikapanda.

Kwenye kodi sasa. Boston walikuwa wamelipa kodi ya anasa misimu mitatu mfululizo, na sheria humtoza mrudiaji kwa ukali zaidi. Kwa 2025-26 mrudiaji anaanza kulipa dola 3 kwa kila dola 1 inayovuka mstari, na kiwango kinaendelea kupanda ngazi kwa ngazi hadi kupita dola 6. Kwa viwango hivyo, mchezaji wa akiba anayelipwa milioni 2 anaweza kuigharimu timu zaidi ya milioni 10. Vyombo vya habari vya Marekani vilikadiria kwamba kukibakiza kikosi chote kungegharimu karibu dola milioni 500, mishahara na kodi pamoja.

Hata hivyo kama shida ingekuwa kodi tu, ungekuwa na haki ya kuwakasirikia matajiri. Golden State Warriors walilipa kodi ya karibu dola milioni 170 msimu wa 2021-22, na wakachukua ubingwa. Ni kwa sababu ya mifano kama hiyo makubaliano mapya ya mwaka 2023 kati ya ligi na chama cha wachezaji yalileta kizingiti cha pili, na adhabu zake hazilipiki kwa fedha. Timu iliyo juu yake hairuhusiwi kuunganisha mishahara ya wachezaji wawili ili impate mmoja mkubwa. Hairuhusiwi kupokea mshahara unaozidi ule inaoutoa, hata kwa dola moja. Fungu la kati inanyimwa. Na chaguo lake la raundi ya kwanza la miaka saba ijayo linagandishwa, haliwezi kutumika kwenye biashara yoyote. Ikizidi kukaa huko juu kwa misimu miwili zaidi kati ya minne inayofuata, chaguo hilo linasukumwa hadi mwisho wa raundi, hata kama timu itakuwa imeanguka mkiani. Tajiri anaweza kuandika hundi ya ukubwa wowote na mlango usifunguke.

Halafu ikaja Mei 2025. Kwenye mchezo wa nne dhidi ya New York Knicks, Tatum alikatika mshipa wa kisigino. Jeraha hilo huchukua karibu mwaka kupona. Jiweke kwenye kiti cha Brad Stevens, msimamizi wa masuala ya kikosi pale Boston. Unaweza kuwabakiza wote, ulipe nusu bilioni kwa msimu ambao nyota wako hayupo, na ugandishiwe machaguo. Unaweza kumtoa Brown, upate vijana na machaguo mengi, lakini huyo ndiye aliyekuwa Mchezaji Bora wa Fainali za 2024, na watu wa aina yake hawarudi kirahisi ukishawaachia. Au unaweza kukata katikati: kubakiza nguzo, kuwatoa wenye mishahara mikubwa inayofuata. Walikata katikati, na mimi ningefanya hivyo hivyo.

Tazama biashara ya Holiday kwa karibu. Alikuwa ametimiza miaka 35 mwezi Juni mwaka huo. Mkataba wake ulikuwa umebakiza misimu mitatu, wa mwisho ukiwa wa zaidi ya dola milioni 37, na hiari ya mwaka huo ilikuwa ya kwake yeye, si ya timu. Aliyekuja ni Anfernee Simons, kijana wa miaka 26 mwenye mshahara wa karibu milioni 27.7 unaokwisha 2026. Kwa msimu huo mmoja Boston waliokoa karibu milioni 5, ambazo kwa viwango vile vya kodi si kidogo. Lakini faida kubwa iko kwenye safu mbili zinazofuata za jedwali, ambazo zilikuwa zimejaa na sasa ziko tupu. Porziņģis naye alikuwa anaingia mwaka wake wa mwisho, baada ya misimu aliyokosa mechi nyingi kwa majeraha na maradhi. Kwa Horford timu ilikuwa na haki zote za Bird, ila kila dola ambayo angelipwa ingezaa kodi mara kadhaa. Akaenda Golden State. Kornet akaenda San Antonio.

Ukitaka kuona njia nyingine inaishia wapi, watazame Phoenix Suns. Walimchukua Kevin Durant Februari 2023 kwa wachezaji watatu na machaguo manne ya raundi ya kwanza, miezi minne baadaye wakamwongeza Bradley Beal, ambaye mkataba wake ulikuwa na kifungu adimu cha kumruhusu kukataa kuhamishwa. Ukiwa na Durant, Beal na Devin Booker, kwenye karatasi unatisha. Msimu wa kwanza walitolewa na Minnesota raundi ya kwanza kwa 4-0. Msimu wa 2024-25 walishinda michezo 36 tu na hawakufika hata kwenye mtoano. Walipoona mapengo hawakuwa na cha kuyazibia: wamevuka kizingiti cha pili, hawawezi kuunganisha mishahara, machaguo wameshayatoa, na Beal ana haki ya kusema hapana. Kiangazi cha 2025 Durant akaenda Houston, na Beal wakamlipa sehemu ya mkataba wake ili aondoke. Boston waliyaona hayo yote yakitokea kabla ya kufanya uamuzi wao.

Tuje kwa Thunder. Rafiki yako ana ukweli kidogo. Walishinda michezo 22 msimu wa 2020-21 na 24 msimu uliofuata, na hawakuwa na haraka ya kushinda zaidi. Lakini hebu tuorodheshe kikosi cha ubingwa na tuulize kila mmoja alitoka wapi. Shai Gilgeous-Alexander, aliyekuwa mchezaji bora wa msimu na wa fainali, hakuletwa na kufungwa. Julai 2019 Sam Presti, meneja mkuu wa timu hiyo tangu 2007, alimwachia Paul George aende Los Angeles Clippers na akapokea Gilgeous-Alexander, ambaye wakati huo alikuwa na msimu mmoja tu ligini, pamoja na Danilo Gallinari, machaguo matano ya raundi ya kwanza na haki mbili za kubadilishana nafasi za kuchagua. Mojawapo ya machaguo hayo liliangukia nafasi ya 12 mwaka 2022, na Presti akamchagua Jalen Williams. Luguentz Dort hakuchaguliwa na timu yoyote kwenye drafti ya 2019. Alianza na mkataba wa aina ya chini, ule wa kugawana muda kati ya NBA na ligi yake ya kukuza vipaji, G League. Isaiah Hartenstein alisainiwa akiwa huru. Cason Wallace alipatikana kwa Thunder kupanda kutoka nafasi ya 12 hadi ya 10, kwa kukubali kubeba mkataba mzito wa Dāvis Bertāns ambao Dallas walitaka kuutua. Wenzao wengi walikuwa wamejaza mishahara. Wao walikuwa na nafasi tupu, wakaiuza kama bidhaa. Kati ya watu muhimu wa kikosi kile, aliyetokana moja kwa moja na kufungwa ni Chet Holmgren, nafasi ya 2 mwaka 2022.

Yupo pia Josh Giddey, nafasi ya 6 mwaka 2021, na kwangu hadithi yake ndiyo inayoonyesha kazi ya uongozi ilivyo. Kwenye mtoano wa 2024 Dallas walimwacha Giddey wazi kwenye mstari wa pointi tatu. Hawakumkaba kabisa, wakamtumia mlinzi wake kujaza eneo la Gilgeous-Alexander. Giddey akapoteza nafasi yake kwenye kikosi cha kwanza, Thunder wakatolewa kwa 4-2. Alikuwa na miaka 21, ana pasi ambazo wachache wanazo, mashabiki wanampenda. Mwezi uliofuata Presti akampeleka Chicago, akamchukua Alex Caruso, mkubwa wake kwa miaka minane, bila kudai hata chaguo moja la drafti juu yake. Wengi walisema ameibiwa. Lakini Caruso anakaba kila mtu na anapiga pointi tatu, ndicho kilichokosekana. Hartenstein akaletwa kuziba upande wa ribaundi. Mwaka mmoja baadaye timu ilishinda michezo 68 na kombe. Presti hakuuliza nani ana kipaji zaidi kati ya Giddey na Caruso. Aliuliza nani anafaa kucheza pembeni ya Gilgeous-Alexander mwezi wa Mei.

Sasa linganisha majedwali. Msimu wa 2024-25 Gilgeous-Alexander alilipwa karibu dola milioni 35.9, Holmgren 10.9, Williams 4.8. Watatu hao jumla yao ni pungufu ya mshahara wa Tatum peke yake wa 2025-26. Anayechaguliwa raundi ya kwanza hulipwa kwa kiwango kilichopangwa kulingana na nafasi aliyochaguliwa, kwa hadi misimu minne, hata akiwa nyota kuanzia mwaka wa pili. Kwa miaka hiyo minne timu inapata mchezaji wa milioni 40 kwa bei ya milioni 5, na tofauti hiyo ndiyo inayolipa benchi. Karibu kila bingwa wa miaka hii alikuwa na mtu mmoja au wawili wanaolipwa chini sana ya thamani yao. Boston wenu wa 2024 walikuwa hivyo: Tatum alikuwa bado hajaingia kwenye mkataba wake mkubwa. Na usiwaonee wivu sana Thunder. Julai 2025 wote watatu walisaini nyongeza za viwango vya juu kabisa, na za Holmgren na Williams zinaanza kulipwa 2026-27. Presti atakaa kwenye kiti kilekile alichokaa Stevens, na mashabiki wa Oklahoma City wataandika barua kama yako.

Kuhusu kufungwa makusudi, rafiki yako ajue kwamba ligi imepunguza sana faida yake. Mwaka 2019 timu tatu za mwisho ziliwekewa nafasi sawa, asilimia 14 kila moja, ya kupata chaguo la kwanza kwenye bahati nasibu inayopanga nani aanze kuchagua kwenye drafti. Detroit walifungwa michezo 68 msimu wa 2023-24, wakaishia nafasi ya 5. Mwaka huo Atlanta walishinda bahati nasibu wakiwa na asilimia 3, na mwaka uliofuata Dallas wakashinda wakiwa na asilimia 1.8 na kumpata Cooper Flagg. Philadelphia walijaribu njia hiyo kwa nguvu zote chini ya Sam Hinkie kuanzia 2013, wakafikia kushinda michezo 10 tu kati ya 82. Walimpata Joel Embiid wa Cameroon, mchezaji mkubwa kweli, lakini pamoja naye hawakuwahi kufika hata fainali ya kanda.

Hata chaguo la juu lenyewe ni kamari. Mwaka 2009 Memphis Grizzlies, wakiwa na chaguo la pili, walimchukua Hasheem Thabeet wa Tanzania, senta wa zaidi ya mita 2.2 aliyekuwa akizuia kila mpira chuoni Connecticut. Wa tatu akawa James Harden. Wa saba akawa Stephen Curry. Thabeet alipelekwa kwenye ligi ya kukuza vipaji kabla msimu wake wa kwanza haujaisha, na mwaka uliofuata akabadilishwa. Siandiki hayo kumdharau. Alifika mahali ambapo hakuna Mtanzania aliyewahi kufika, na waliokosea ni wenye kazi ya kupima: walinunua urefu wakati ambapo mchezo wenyewe ulikuwa unahamia kwenye kasi na pointi tatu. Na mwaka 2014 Nikola Jokić alichaguliwa wa 41, televisheni ikiwa inaonyesha tangazo la biashara. Aliiletea Denver ubingwa wa 2023.

Kwa hiyo uongozi hukosea, tena vibaya, na una haki ya kuukosoa. Februari 2025 Dallas walimtoa Luka Dončić, mwenye miaka 25 na aliyekuwa amewafikisha fainali miezi minane nyuma, kwa Anthony Davis, Max Christie na chaguo moja tu la raundi ya kwanza. Hawakuzungumza na timu nyingine ili kupandisha bei. Hapo sina utetezi. Mchezaji wa umri ule na uwezo ule ukiamua kumtoa, unazunguka ligi nzima kwanza. Novemba mwaka huohuo meneja mkuu Nico Harrison alifutwa kazi. Tofauti na hapo, Masai Ujiri, aliyekuwa akiongoza Toronto Raptors, alipomtoa nyota wake DeMar DeRozan mwaka 2018 kwa ajili ya Kawhi Leonard, mji mzima ulilia, na Leonard mwenyewe alikuwa amebakiza mwaka mmoja. Ujiri alijua anaweza kumpoteza, na kweli alimpoteza, lakini kombe la 2019 lilikuwa limeshapatikana. Biashara zote mbili ziliwavunja mioyo mashabiki. Ya Toronto ilikuwa na bei iliyopimwa na lengo lililo wazi, ya Dallas haikuwa navyo.

Ukitaka kuipima timu yako kiangazi kijacho, anza na jedwali la mishahara kabla ya majina. Taarifa hizo huchapishwa wazi na tovuti nyingi za michezo. Angalia nyota wako ana miaka mingapi na mkataba wake unaisha lini, kisha angalia nani kikosini analipwa chini ya thamani yake. Kama hakuna hata mmoja, timu inakaribia kuchuja watu, hata kama imetoka kushinda michezo 60.

Nije kwa mdogo wako. Hakuna wakala anayeweza "kumwingiza" mtu kwenye drafti. Mchezaji wa nje ya Marekani anaweza kujitangaza kwa barua mwaka anaotimiza angalau miaka 19, na asipojitangaza huhesabiwa mwenyewe moja kwa moja mwaka anaotimiza 22. Kujitangaza hakumfanyi achaguliwe. Machaguo hayazidi 60 kwa mwaka kwa dunia nzima, na timu huwachagua watu ambao wasaka vipaji wao wamewatazama kwa miaka. Wakala wa mchezaji wa NBA lazima awe na kibali cha chama cha wachezaji, NBPA, na ada yake haizidi asilimia 4 ya mshahara, inayokatwa baada ya mchezaji kulipwa. FIBA, shirikisho la kikapu la dunia, nayo ina orodha yake ya mawakala wenye leseni, na mtu yeyote anaweza kulitafuta jina humo. Anayetaka fedha leo kwa ahadi ya drafti, msimpe hata shilingi, wala msimkabidhi pasipoti ya kijana.

Kabla hajasaini karatasi yoyote, iwe ya wakala, ya akademi au ya klabu, nendeni naye ana kwa ana kwa mwanasheria anayejua mikataba, mkiwa na karatasi yenyewe mkononi. Nendeni pia ofisi za shirikisho la mpira wa kikapu la nchi yenu mkaulize kama mtu huyo anafahamika, na mzungumze na kocha anayemfundisha sasa, ambaye hana cha kuwauzia. Kama ana ndoto ya kucheza chuo Marekani, aulize chuo chenyewe kuhusu masharti kabla hajapokea malipo popote, kwa sababu saini moja ya haraka inaweza kumfungia njia hiyo. Makambi ya Basketball Without Borders, yanayoendeshwa na NBA na FIBA, huwaalika vijana kwa uwezo wao. Embiid na Pascal Siakam walipitia humo. Apigwe picha za video za mechi nzima, siyo vipande vya madoido tu, na kocha wake ndiye azipeleke. Na huyo wakala akiwaambia kwamba nafasi itafungwa wiki hii, mwache aondoke nayo.